Hali Yake, Hali

Wapenzi wa lugha, naomba nianze na somo dogo la sarufi, kwa kuwa mwalimu hata akistaafu chaki haimtoki vidoleni. Neno "hali" ni nomino: tunajuliana hali, tunaeleza hali ya hewa, tunamwombea mgonjwa hali njema. Neno hilohilo ni kitenzi kilichokanushwa: mimi sili, wewe huli, yeye hali. Herufi ni nne, maana ni mbili, na hakuna cha kuzitenganisha ila mahali neno lilipokaa katika sentensi. Kwa miaka 33 niliutumia mfano huu kufundishia jinasi, na kila mwaka wanafunzi walicheka mahali palepale. Sikudhani kwamba ingefika siku niulizwe hali ya mtoto nami nishindwe kujibu kwa neno jingine.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 9. Alikuwa akiishi nami Newala, kwa sababu mama yake alikuwa na kichanga mikononi na kazi yake iko Mtwara mjini. Mimi na mjukuu wangu tuna utani wetu kama ilivyo desturi: yeye ni mume wangu, na kila jioni hunidai chakula kwa sauti ya mwenye nyumba. "Mke wangu, leo umepika nini?" Basi ile Ijumaa ya mwezi Novemba, alipoitazama sahani ya ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, kisha akaisogeza kando na kusema "Sitaki, Bibi", nilipaswa kushtuka mara mbili. Alikataa chakula anachokipenda, tena aliniita Bibi.

Sikushtuka. Nilisema anadeka. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yametapakaa chini ya kila mti, na watoto hushinda wakiyafyonza tangu asubuhi. Nilijisemea kwamba amejaza tumbo kwa mabibo na sasa anakuja kunifanyia madaha mezani. Jumamosi alilalamika kwamba tumbo linamuuma karibu na kitovu. Nilimchemshia mchaichai, akanywa funda mbili akazirudisha. Nilimwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani, kwamba asiyekula hawezi kupona. Usiku maumivu yakahama kutoka kitovuni yakashuka upande wa kulia, mwili ukawaka homa, na mtoto akalala amekunja magoti hataki hata shuka imguse. Jumapili alfajiri tulikuwa ndani ya gari tukiteremka kutoka juu ya uwanda kuelekea Masasi, kwani huko ndiko tulikoelekezwa kwa ajili ya upasuaji. Kila gari liliporuka shimo, aliuma meno.

Daktari alimbonyeza tumbo polepole, kisha akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo nalisikia: "Bibi, ameacha kula tangu lini?" Nikajibu: "Tangu Ijumaa, lakini ni kudeka tu." Hakunikaripia. Alinieleza kwamba ugonjwa wa kidole tumbo mara nyingi hujitangaza hivyo: kwanza hamu ya kula inakatika, kisha maumivu ya kitovuni, kutapika, halafu maumivu yanahamia chini upande wa kulia. Mtoto alikuwa amenipa taarifa tangu siku ya kwanza. Alitumia neno alilonalo, "sitaki", nami nikalisahihisha kama kosa la adabu. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka.

Walipompeleka chumba cha upasuaji, muuguzi alimwambia atapewa nusukaputi, hatasikia chochote. Nilibaki kwenye benchi na neno hilo. Kaputi ni Kijerumani, kaputt, yaani kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Wajerumani waliitawala nchi hii mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Walituachia shule, na walituachia neno hili ambalo babu zetu walilishonea nusu yake kwa Kiswahili. Nusu ya kwisha. Darasani nilipenda kulieleza neno hilo kama pambo. Siku ile, nikivitazama vilima vya mawe vya Masasi kupitia dirishani huku nikiisubiri nusu ile nyingine irudi, sikuona pambo lolote.

Ilirudi. Alizinduka jioni, akaniangalia, akataka kusema jambo, badala yake akatapika. Hakukuwa na kitu tumboni. Yalitoka maji ya kijani na machungu, na kila alipojikakamua, mshono ulimvuta akalia. Nani aliyewahi kumshika mtoto anayetapika huku ana mshono tumboni? Unatamani umtapikie wewe.

Muuguzi wa zamu aliingia. Aliponiona, alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimfundisha kidato cha pili. Sikumkumbuka jina, lakini nilikumbuka kwamba alikuwa akikaa safu ya nyuma na insha zake zilikuwa fupi mno. Kwa siku tisa zilizofuata mwanafunzi huyu wa safu ya nyuma alinifundisha mimi.

Somo lake la kwanza lilikuwa la sababu. Alisema kichefuchefu baada ya upasuaji hakina chanzo kimoja. Dawa za usingizi zenyewe hukileta, hasa saa 24 za mwanzo. Dawa kali za maumivu hukileta pia. Mtoto aliyepasuliwa tumbo ana jambo la tatu: matumbo yakishikwashikwa, na hasa usaha ukiwa umemwagika ndani, huacha kusukuma. "Yanalala, Mwalimu," alisema. Chochote kinachoingia hakina pa kwenda, hivyo hurudi kilikotoka. Kwa sababu hiyo walimpitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni ili maji yale ya kijani yatoke bila yeye kujikakamua, wakamtundikia dripu, na juu ya kitanda wakabandika karatasi: ASILE CHOCHOTE.

Nilikaa chini ya karatasi ile siku tatu. Ndugu zetu wa Masasi walikuja saa za kuona wagonjwa, na Waswahili hatuingii mahali bila kuulizana. "Hali yake?" Nikajibu: "Hali." Wengine walidhani sijamaliza sentensi.

Nikiwa hapo nilipata muda wa kulitafakari neno kichefuchefu kuliko nilivyowahi kupata nikiwa kazini. Tuna maneno mengi katika jirani hiyo. Tuna kigegezi. Tuna kinyaa, ambacho hutokana na kitu ulichokiona au unachokiwazia. Tunasema moyo umenichafuka, au roho inanichafuka, ingawa kilichochafuka ni tumbo. Wazee wetu hawakutenganisha sana vyumba hivyo. Kichefuchefu, hata hivyo, limeundwa kwa kurudufu shina, kama kizunguzungu, kama kimulimuli. Vitu vinavyotajwa mara mbili namna hii ni vitu visivyotulia. Kimulimuli huwaka, huzima, huwaka tena. Nilimtazama mjukuu wangu nikaona ndivyo alivyo: dakika kumi ametulia, macho yamefumba, unadhani yamekwisha; kisha jasho jembamba linatokea juu ya mdomo, naye anashika ukingo wa kitanda. Aliyeliunda neno hili alikuwa amekaa na mgonjwa.

Somo la pili lilinitia aibu. Siku ya tatu asubuhi mwanafunzi wangu alikuja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto ameshatoa hewa?" Nikamwambia ndiyo, anapumua vizuri, usiku kucha sikusikia akikoroma. Akatabasamu, akaniinamia sikioni: "Mwalimu, namaanisha kujamba." Nilihisi uso umenipata moto. Katika maisha yangu yote ya ualimu neno lile halikuwahi kutoka kinywani mwangu mbele ya mtu; lilipojitokeza darasani nilitoa adhabu. Kumbe ndilo neno ambalo wodi nzima ya upasuaji inalisubiri. Hewa ikitoka, maana yake matumbo yameamka, njia imefunguka, na mtoto anaweza kuanza kuonja maji. Hewa isipotoka, tumbo likaendelea kuvimba na kuwa gumu, daktari lazima ajue.

Tatizo ni kwamba mtoto naye nilikuwa nimemlea mimi. Alipoulizwa, alikaa kimya, akaniangalia kwanza usoni kuona kama inaruhusiwa. Nikajikaza nikamwambia, "Mume wangu, ukijamba niambie, nitafurahi." Akina mama wa vitanda jirani waliangua kicheko, naye akacheka, akashika mshono wake, akalia, akacheka tena. Siku ya nne alfajiri aliniamsha kwa kunivuta kanga. "Bibi," alininong'oneza, kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani, "tayari." Nilitangaza habari ile wodini kwa sauti. Tuna tafsida kwa ajili ya heshima, nami bado naziheshimu. Lakini tangu siku ile naamini kwamba tafsida isiyoeleweka karibu na kitanda cha mgonjwa si heshima tena.

Mpira ulitolewa, akaruhusiwa maji kwa kijiko. Kesho yake akaruhusiwa uji mwepesi. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili linahusu neno dogo kuliko yote.

Nilikuwa nimepika uji wa sembe kwa ndugu zetu, nikauchuja, nikatia sukari kidogo na chembe ya chumvi, nikauleta kwenye chupa. Nilipoufungua mvuke ukapanda. Mtoto akaniambia, "Bibi, mate yananijaa mdomoni." Nani asingefurahi? Kwa siku sita mtoto hajatia chakula mdomoni, na sasa mate yanamjaa! Katika lugha yetu mate ni shahidi wa tamaa. Tukiona embe bivu mate hututoka. Tukisimuliwa pilau tunameza mate. Nikamshika kichwa nikamnywesha kikombe, funda baada ya funda, kabla hamu haijampita. Alimeza kwa kunitii. Alipofikia nusu ya kikombe, uji wote ulirudi, juu ya shuka, juu ya kanga yangu, juu ya bendeji ya mshono.

Wakati mwanafunzi wangu akiibadilisha bendeji, aliniuliza mtoto alisema nini kabla ya kunywa. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mwalimu, mate yakijaa ghafla mgonjwa akiwa hivi, hiyo ni dalili anataka kutapika." Mwili, alisema, hutanguliza mate kabla ya kutapika. Mate yaleyale, mdomo uleule, na maana mbili zinazokwenda kinyume. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kutafuta maana katika muktadha, sikuutazama muktadha. Sikuitazama rangi ya uso wake, wala jasho lile jembamba. Nilisikia neno, nikalipa maana ninayoitaka.

Siku nzima baada ya hapo aliufunga mdomo. Alipouona uji tu aligeukia ukutani. Jioni ile majirani zetu watatu waliteremka kutoka Newala kuja kutuona, wakasimama mlangoni mwa wodi na kuuliza kama ilivyo ada. Walipoondoka nilichukua bahasha ya dawa, nikaandika ubeti mmoja nyuma yake:

Jirani yu mlangoni, auliza yetu hali,
Namjibu kwa huzuni, mjukuu wangu hali,
Uji u kibakulini, wapoa naye hajali,
Hamu irudi mwilini, ale igeuke hali.

Si ubeti wa kujivunia, lakini ulinilaza usingizi. Nitaurudia mbele kidogo.

Somo la tatu la mwanafunzi wangu lilikuwa la vipimo, nami naliandika hapa kwa ajili ya bibi au mama yeyote atakayelihitaji. Kijiko kimoja kila dakika tano, si kikombe. Akitapika, acha nusu saa, kisha anza tena na kijiko cha maji. Saa ya ukutani iwe ndiyo inayomlisha, si huruma yako. Kinywaji kwanza, chakula baadaye. Maji ya ORS, maji yaliyochemshwa yakapoa, uji uliochujwa. Asilale chali mara baada ya kunywa. Mwinue mgongo kwa mto. Chakula kisicho na mvuke mwingi humkera kidogo zaidi, kwa sababu harufu hupanda na mvuke. Asipewe dawa za vidonge tumbo likiwa tupu, isipokuwa daktari amesema hivyo. Kutapika kukizidi, usikae nako kama desturi ya ugonjwa. Mwambie muuguzi, kwa kuwa dawa za kukituliza kichefuchefu zipo na dawa ya maumivu yaweza kubadilishwa. Naye alinipa orodha ya mambo ambayo, mkiwa nyumbani, mtu hasubiri asubuhi: matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo kuvimba na kuwa gumu, homa kurudi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mshono kutoa usaha, na mtoto kukaa nusu siku bila kukojoa. Nilimwomba airudie, nikaiandika. Insha zake bado ni fupi. Safari hii nilimpa alama zote.

Kijiko kimoja kila dakika tano ni sawa na vijiko 12 kwa saa. Nilivihesabu kama ninavyohesabu mizani, nikagundua kwamba kuhesabu kunanizuia kusihi. Kabla ya hapo nilikuwa nikisihi: kula, mume wangu, kula kwa ajili yangu, kula kidogo tu. Tazameni jinsi kitenzi hiki kilivyobeba mizigo katika lugha yetu. Tunakula chumvi nyingi, tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula njama. Mgeni akifika swali la pili ni kama amekula. Kwetu kula ni kuishi na kupendana, kwa hiyo mtoto asipokula tunaona kama ameukataa upendo wenyewe, tunaanza kumsihi kana kwamba ametukosea. Mtoto mgonjwa anabeba kichefuchefu chake, kisha anabeba na uso wetu.

Siku ya kumi tulirudi Newala. Nilikuwa nimejiandaa kwa mifuko na kitambaa kilicholoweshwa, kwa kuwa barabara ya kuupanda uwanda ina kona zake. Alifika salama. Kilichomshinda ni nyumbani. Alisimama uani akavuta pumzi, akaziba pua. Ilikuwa harufu ya mabibo. Kwa majirani walikuwa wakiyakamua kwa ajili ya uraka, na hewa yote ilikuwa na ule utamu mzito unaoanza kuchacha, harufu ambayo kwetu sisi ndiyo harufu ya pesa za msimu. Alitapikia mlangoni. Newala maji hayamwagwi ovyo. Tunayakinga ya mvua na kuyatunza kama akiba, na wiki ile niliyatumia kufulia mashuka pipa zima. Nilihamisha jiko nyuma ya nyumba, nikaacha kukaanga vitunguu na dagaa kwa siku kadhaa, na kitanda chake nikakisogeza upande unaoingiza upepo unaopanda kutoka bonde la Ruvuma.

Bado hakula. Sasa hakuwa anatapika, ila alisema uji una msumari. Nilibadilisha sufuria. Akasema uji una msumari. Nikabadilisha kijiko, nikampa cha mti. Akasema hata maji yana msumari. Zamani ningemwambia uji hauna msumari, aache uongo. Safari hii nilipiga simu Masasi. Mwanafunzi wangu aliniuliza anakunywa vidonge gani, nikamsomea majina. Akasema mmoja wao, metronidazoli, unajulikana kwa kuacha ladha ya chuma kinywani na kuondoa hamu ya kula. Asiiache, maana ndiyo inayosafisha tumbo, lakini inakaribia kwisha. Mtoto asiyejua jina la dawa wala madhara yake alikuwa ametaja ladha yake kwa usahihi ambao hata kamusi yangu, chapa ya kwanza ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 niliyoinunua nikiwa mwanachuo wa ualimu, isingenisaidia kuupata. Msumari. Nilimwomba radhi kwa sufuria mbili nilizozisugua bure, akacheka.

Tangu hapo nilijiwekea sharti la lugha nyumbani kwangu. Jamaa akiuliza, hakuna ruhusa ya kusema "hataki kula". Tutasema "hawezi bado", au "chakula kina msumari", au "tumbo linarudisha". Si kwa sababu ya upole tu. "Hataki" hufunga mlango; baada yake kinachobaki ni kubembeleza au kukemea. "Hawezi" huleta swali: kwa nini hawezi? Na swali hilo lina majibu, na baadhi ya majibu hayo yana dawa. Kama ile Ijumaa ningejiuliza swali hilo, labda tungefika Masasi kabla ya kidole tumbo kupasuka. Sijui kama tungewahi. Najua kwamba sikuuliza.

Vidonge vilikwisha Jumatano. Ijumaa, wiki mbili kamili tangu aisogeze sahani, alikuwa amekaa barazani, shingo imekuwa nyembamba, kaptura imefungwa kwa kamba. Mama mmoja alipita na beseni la ming'oko iliyochemshwa. Mjukuu wangu akalifuata beseni kwa macho. Sikusema kitu. Nilijifanya napepeta mbaazi. Mate, nilijiambia, ngoja tuone ni mate gani. Akauliza, "Mke wangu, una shilingi mia tano?"

Nilikuwa nayo. Alimenya mng'oko mmoja polepole, akauchovya kwenye chumvi, akala. Akamenya wa pili. Wa tatu akanipa mimi. Wenzake, watoto wa jirani, walikuja wakakaa, na kwenye sinia la pamoja alikula kuliko nilivyowahi kumlisha peke yake. Baadaye yalifuata mayai, samaki wa kuchemsha, njugu mawe zilizopikwa mpaka zikalainika, kwa maana kidonda hujifunga kwa chakula. Hayo yalikuja kwa siku zake.

Jioni moja, afya ikiwa imerudi, nilimsomea ule ubeti wa kwenye bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso kwenye mstari wa tatu. "Bibi, umesema nilikuwa sijali."

"Ni kina tu, mume wangu," nilimjibu. "Nilitafuta neno linaloishia na -li."

"Lakini nilikuwa najali. Nilikuwa nakuona unalia. Tumbo lilikuwa limelala. Andika hivyo, tumbo limelala."

Nilihesabu vidoleni: tu-mbo-li-me-la-la. Mizani sita. Nikaongeza "kweli" ili zitimie nane, nikalifuta "hajali", na mstari sasa unasomeka hivi:

Uji u kibakulini, tumbo limelala kweli.

Najua watakaoniambia kwamba katika ubeti wenye "hali" tatu, sikio lilikuwa linategemea -ali, na "kweli" inalegeza utosheleo. Wana haki. Mwenye neno la mizani mbili litakalokaa vizuri zaidi mwishoni, naomba anipe, nitalipokea kwa shukrani. Lakini zile mizani sita za mbele si zangu, na sina ruhusa ya kuzigusa.